UZI: Nilifunga nyuzi na nati sebuleni, ndipo nikamwelewa Dijkstra

Mzee_wa_Madumu (mwenye uzi)

Wadau, hamjambo. Huu uzi ni mrefu, kwa hivyo kama uko kwenye matatu na bando inakaribia kuisha, hifadhi usome ukifika nyumbani. Na ni uzi wa nyuzi kweli, mtaona mbele.

Mimi huandika programu katika depo moja ya maji ya kunywa huko Viwandani. Sitaitaja. Tunasambaza yale madumu ya lita 20 madukani na maofisini, karibu Eastlands yote, na kazi yangu ni kuziambia boda na pikapu zipite wapi. Miaka mitatu nimeitumia algorithimu ya Dijkstra, yaani hatua za kutafuta njia fupi kati ya vituo, jinsi mtu anavyotumia jiko la gesi: unawasha, linawaka, huulizi. Mwezi uliopita likanipikia ugali mbichi.

Kuna maduka yanayotulipa tuwabebee madumu matupu kutoka duka moja hadi lingine. Tuyaite A na B. Kutoka depo hadi A ni sh 50 za mafuta. Depo hadi B ni sh 80. Lakini kutoka B kwenda A tunabeba matupu, na ukitoa mafuta tunabaki na sh 60 mkononi. Nikaandika gharama ya hiyo njia kuwa toa 60. Mtoto wa shule ya msingi ataona kwamba ukipitia B, kufika A kunatugharimu sh 20 tu. Programu ikakaza shingo: 50. Nikakesha siku mbili nikitafuta kosa kwenye msimbo.

Msimbo haukuwa na kosa. Mimi ndiye niliyemuuliza Dijkstra swali asiloahidi kulijibu. Yeye hufunga vituo kuanzia cha karibu, yaani huiandika gharama ya kukifikia kuwa ya mwisho, na akishakifunga kituo hakifungui tena. Alikifunga A kwa 50 kwa sababu B ilikuwa mbali zaidi, 80, na kwa akili ya kawaida huwezi kupita mahali pa mbali ukafika karibu kwa bei nafuu. Ukiingiza njia yenye gharama ya toa, akili hiyo ya kawaida inavunjika.

Sasa sikuja hapa kulia. Nilipokuwa natafuta dawa niligundua kwamba chuoni nilifundishwa kitu kimoja mara mbili, katika vyumba viwili, na walimu wawili ambao nadhani hawakuwahi kunywa chai meza moja. Wa kompyuta alituambia hii ni algorithimu ya Dijkstra. Wa hisabati alituambia hii ni programu mstari, LP, yaani kutafuta jumla ndogo au kubwa kuliko zote chini ya masharti, na swali pacha lake. Hakuna aliyetuambia kwamba ni mnyama mmoja, huyu ameshika mkia na yule ameshika pembe.

Nitaendelea, wacha nipeleke mtoto kuoga.

Boda_wa_Umoja

Kiti cha mbele kabisa. Lakini mzee, mimi nimeendesha boda miaka tisa, njia ya mkato naijua bila hesabu.

MbishiWaKilimani

LP si ni ile ya wachumi na viwanda vya mbao? Dijkstra ni grafu, vituo na barabara zinazoviunganisha. Msichanganye watu.

Mzee_wa_Madumu

@MbishiWaKilimani umegusa mbao bila kujua. Ngoja nianze hapo.

Mwaka 1939 kule Leningrad, Leonid Kantorovich aliandika kijitabu kuhusu kupanga uzalishaji, na kilichomchokoza ni swali la kiwanda cha mbao za plywood: mashine gani ikate mbao zipi ili mazao yawe mengi. Katika majibu yake kulikuwa na namba za pembeni ambazo ukiziangalia vizuri ni bei, ingawa hakuna mtu sokoni aliyezitaja. Hizo ndizo watu huziita bei kivuli. Shikeni hilo neno. Kazi hiyo ilimpa Nobel ya uchumi mwaka 1975, pamoja na Koopmans. Upande wa Marekani, George Dantzig alikuwa akifanyia kazi jeshi la anga alipobuni simpleksi, mbinu ya kutatua LP, mwaka 1947.

Sasa Dijkstra. Mwaka 1956 alikuwa Amsterdam, katika Mathematisch Centrum, na walikuwa wanataka kuionyesha kompyuta yao mpya, ARMAC, mbele ya watu wasiojua hisabati. Alihitaji swali ambalo mtu wa kawaida atalielewa na jibu atalifurahia. Akachagua ramani ya Uholanzi yenye miji 64: kutoka mji huu hadi ule, njia fupi ni ipi? Miji 64 ili namba ya kila mji ienee katika biti 6. Asubuhi moja alikuwa ametoka kununua vitu na mchumba wake, wakachoka, wakakaa kwenye mkahawa wakinywa kahawa, na algorithimu yenyewe akaitunga hapo kwa kama dakika 20. Bila kalamu. Bila karatasi. Baadaye alisema kukosa karatasi ndiko kulikomlazimisha akwepe kila utata unaoweza kukwepwa.

Kwa hiyo @Boda_wa_Umoja hata yeye hakutumia hesabu ya kuandika, uko kwenye kundi zuri.

Alikuja kuichapisha mwaka 1959, kurasa tatu tu, katika toleo la kwanza kabisa la jarida la Numerische Mathematik. Makala ina maswali mawili. La kwanza, ambalo watu wengi husahau kuwa lipo humo, ni jinsi ya kuunganisha vituo vyote kwa waya mfupi kuliko zote. Walikuwa wanajenga kompyuta nyingine, X1, na hawakutaka kumwaga shaba bure. (Hilo Jarník alikuwa ameshalijibu 1930, na Prim 1957, lakini habari zilitembea polepole siku hizo.) La pili ndilo letu.

Na kitu kingine nje ya mada. Alipooa mwaka 1957 fomu ya ndoa ilitaka kazi yake. Akaandika mpangaji programu. Wenye ofisi ya jiji wakakataa, wakasema hakuna kazi kama hiyo. Ikabidi ajiite mwanafizikia wa nadharia. Mama mkwe wangu pia hakubali kwamba nafanya kazi, kwa hivyo nimefarijika.

Nyota_ya_Kahawa

Halafu jina lake lina i, j, k zikifuatana, herufi zile zile tunazotumia kuzungusha luupu. Mwenyezi ana utani wake.

Lakini mzee hujaonyesha uhusiano. Mpaka sasa ni hadithi mbili zenye miaka inayokaribiana.

Mzee_wa_Madumu

Kweli dadangu. Sasa ndio naingia kwenye nyuzi.

Nilisoma kwamba mwaka 1957 George Minty alipendekeza uipate njia fupi kwa kamba tu: funga mtandao wa kamba, kila barabara kamba yenye urefu wake, shika miji miwili, vuta. Nikasema hili nalifanya leo. Nilinunua nati sita Grogan, nikachukua uzi wa katani wa kufungia magunia. Msitumie uzi wa kushonea, unajisokota, na wa mpira utawadanganya. Sentimita moja ni dakika moja. Dakika zangu ni za mfano, watu wa Donholm msinishtaki.

Depo hadi Makadara 10. Makadara hadi Buruburu 8. Makadara hadi Donholm 9. Depo hadi Donholm moja kwa moja kupitia Lunga Lunga, 22. Buruburu hadi Umoja kwa njia ya Mutindwa, 12. Donholm hadi Umoja 7. Donholm hadi Kayole 20. Umoja hadi Kayole 14.

Kamba nane, mafundo sita, kila fundo lina nati ya kulipa uzito. Nikaulaza mtandao wote mezani umelala doro kama nyavu ya samaki, nikashika fundo la Depo, nikaanza kuinua polepole huku kijana wangu ameshika rula.

Fundo la kwanza kuiacha meza lilikuwa Makadara, mkono wangu ukiwa sentimita 10 juu. Halafu kimya mpaka 18, Buruburu ikanyanyuka. Kwenye 19, Donholm. Sio 22! Kamba ya kupitia Makadara ilikazika kabla, ile ya Lunga Lunga ikabaki na tumbo. Kwenye 26 ikapanda Umoja. Halafu kimya kirefu, kijana akaanza kupiga miayo, na kwenye 39 Kayole ikaacha meza.

Someni hayo tena. Makadara 10, Buruburu 18, Donholm 19, Umoja 26, Kayole 39. Huo ndio mpangilio ambao Dijkstra hufunga vituo, na ndizo namba anazoandika. Ule utaratibu wake wote, chukua kituo cha karibu ambacho hakijafungwa, kifunge, waambie majirani zake, ni mkono unaoinua kamba. Kituo hakifunguliwi tena kwa sababu fundo likishaacha meza halirudi mezani.

Mtandao ukiwa unaning'inia angalia kamba zenyewe. Nyingine zimekazika kama gitaa: Depo–Makadara, Makadara–Buruburu, Makadara–Donholm, Donholm–Umoja, Donholm–Kayole. Nyingine zimelegea. Ya Lunga Lunga ina sentimita 3 za ziada. Ya Mutindwa ina 4. Ya Umoja–Kayole ina 1 tu, iko karibu kukazika lakini haijafika.

Boda_wa_Umoja

Hiyo ya dakika moja nimeielewa kuliko zote. Umoja ukipita au usipite ni karibu sawa, inategemea tu kama kuna maji barabarani.

MbishiWaKilimani

Mchezo mzuri wa watoto. LP iko wapi?

Mzee_wa_Madumu

LP iko mkononi mwangu na kwenye nati.

Swali la kwanza, lile la mpanda boda. Mtu mmoja anatoka Depo anafika Kayole. Mgawanye kwenye njia upendavyo, hata nusu apite huku na nusu kule, ila kituo chochote cha katikati anachoingia lazima atoke. Jumla ya dakika iwe ndogo iwezekanavyo. Kila kitu hapo ni kujumlisha na kuzidisha kwa namba za kudumu. Hiyo ni LP halali, Dantzig angeitambua gizani.

Swali pacha. Sahau boda. Kipe kila kituo namba, iite bei au urefu, na sharti ni moja: kwenye barabara yoyote, namba ya unakokwenda isizidi ya unakotoka kwa zaidi ya dakika za barabara hiyo. Yaani kamba haivutiki. Chini ya sharti hilo, itenganishe Kayole na Depo kwa namba kubwa iwezekanavyo.

Swali la kwanza linapunguza. La pili linaongeza. Chukua njia yoyote na namba zozote zilizotii sharti: ukizipita barabara moja moja ukijumlisha tofauti za namba, huwezi kuzidi dakika za njia. Kwa hiyo la pili daima liko chini ya la kwanza, au linaligusa. Na yanagusana. Katika nyuzi zangu yanagusana kwenye 39. Boda anasema siwezi kwenda chini ya 39, uzito wa nati unasema siwezi kushuka chini zaidi ya 39.

Ndiyo, mvuto wa dunia ndio unaotafuta jibu la swali pacha. Nati zinataka kushuka, kamba zinazikataza.

Na kuna kanuni inayofunga ndoa ya maswali haya mawili, ambayo darasani niliikariri bila kuielewa: kamba iliyolegea haibebi mtu. Kama barabara ina ziada katika swali pacha, basi jibu bora la swali la kwanza haliipiti. Tazama: 10, 9, 20. Depo, Makadara, Donholm, Kayole. Kamba zote tatu zimekazika.

Namba ambazo Dijkstra anaandika kwenye vituo, zile tulizozizoea kuita umbali, ni bei kivuli za Kantorovich. Yeye hakuzitafuta kwa jina hilo. Na sasa kile kilichonifanya nisimame nizunguke sebule: mwaka 1956 huo huo wa mkahawa, Dantzig, Ford na Fulkerson huko Marekani walichapisha mbinu ya kutatua LP yoyote kwa kuanza na namba za pacha, kuzipandisha zote pamoja mpaka kamba mpya ikazike, kisha kuangalia kama kamba zilizokazika zinatosha kufika mwisho, kama hazitoshi unapandisha tena. Ukiitia mbinu hiyo kwenye swali la njia fupi, kinachotoka ni Dijkstra, hatua kwa hatua. Bahari katikati, kahawa upande mmoja.

Na hawakuwa hawajuani kabisa. Makala ya 1959 inamtaja Ford huyo huyo, ili kusema kwamba njia ya Dijkstra ni bora kwa sababu haihitaji kuhifadhi data ya barabara zote kwa wakati mmoja. Alikuwa anafikiria kumbukumbu ya mashine, wenzake walikuwa wanafikiria bei.

Nyota_ya_Kahawa

Nimesoma mara mbili. Swali: umeruhusu nusu boda. Mbona LP haikukupa nusu boda?

Mzee_wa_Madumu

Swali zuri kuliko yote ya uzi huu. Nililiingiza kwenye programu ya kukokotoa LP, ile ya bure, bila kuiambia kwamba boda hagawanyiki. Ikanirudishia sifuri na moja tupu. Sababu iko kwenye jedwali la masharti: kila barabara ina moja ya kutoka na toa moja ya kuingia, basi, na jedwali la namna hiyo lina tabia kwamba kila kona ya umbo lake ni namba kamili. Kwa hiyo simpleksi inayotembea kona kwa kona haiwezi kukutana na nusu mtu. Hii ni zawadi ya bure na haiji kila siku, kama utakavyoona mtu akiuliza kuhusu pesa.

Pikapu_Nyeupe

Basi mimi ndiye mtu huyo. Natoka Mlolongo naenda Westlands na mzigo. Bosi ananipa pesa ya barabara ya juu lakini haitoshi kila siku. Nyuzi zako zinasemaje?

Mzee_wa_Madumu

Hahaha. Expressway, kilomita 27, tangu 2022 inatufanya sote wanahisabati.

Tuseme juu ni dakika 25 na ada sh 300, chini ni dakika 90 bila ada. Namba za mfano tena, usiniletee risiti. Bosi amekupa 150. Ongeza sharti hilo moja, jumla ya ada isizidi 150, kwenye LP ile ile iliyokuwa na tabia njema. Jibu lake: nusu ya pikapu juu, nusu chini, dakika 57 na nusu. Ile zawadi ya bure imeondoka. Na kulijibu swali hilo kwa pikapu nzima nzima kwenye jiji kubwa ni kazi ngumu kweli, ni katika yale matatizo ambayo hakuna anayejua mbinu ya haraka ya kuyamaliza yote.

Lakini kuna ujanja wa mwanahisabati Lagrange. Liondoe sharti la pesa, badala yake shilingi ipe bei kwa dakika, uijumlishe kwenye kila barabara, kisha mwite Dijkstra kama kawaida. Ukipandisha bei ya shilingi anahamia chini, ukishusha anahamia juu. Katika mfano huu mizani inalingana pale ambapo sh 300 ni sawa na dakika 65, yaani dakika moja ni kama sh 4 na senti 60. Kwa hiyo swali la kumpelekea bosi ni moja: dakika yangu unaithamini zaidi ya sh 4.60 au chini ya hapo? Akisema zaidi, akupe 300 kamili na asikupe 150 za kukutesa.

Pikapu_Nyeupe

Nimempigia sasa hivi. Amesema nirudi kazini.

Konda_Mstaafu

Mzee, dakika za Jogoo Road saa moja asubuhi sio za saa tano. Na mvua ikinyesha hakuna namba inayokaa. Kamba yako ina urefu mmoja tu.

Mzee_wa_Madumu

Uko sawa mkubwa, na kwenye depo urefu wa barabara tunaubadilisha kulingana na saa ya kufika hapo. Dijkstra bado anafanya kazi mradi sharti moja lishike: anayeingia barabarani baadaye asifike kabla ya aliyetangulia. Msongamano wa kawaida unalitii. Kwa matatu inayopanda ukuta wa barabara siwezi kutoa dhamana.

Nirudi kwenye madumu yangu matupu, maana hapo ndipo nilipoanza. Njia ya toa 60 haina kamba. Huwezi kukata uzi wenye urefu wa toa. Lakini swali pacha halijali, linataka tu namba zinazotii masharti. Ford, na Bellman aliyechapisha yake 1958, wana utaratibu wa kizee lakini mvumilivu: pitia barabara zote, rekebisha, rudia mzunguko mpaka kitu kisibadilike. Kwenye mfano wangu ulinipa depo 0, B 80, A 20. Sasa chukua kila barabara, ongeza namba ya unakotoka, toa namba ya unakokwenda. Depo–A: 50 ongeza 0 toa 20, inabaki 30. Depo–B: 80 toa 80, sifuri. B–A: toa 60, ongeza 80, toa 20, sifuri. Hakuna toa tena! Njia zote zenye mwanzo mmoja na mwisho mmoja zimebadilika kwa kiasi kile kile, kwa hiyo iliyo fupi imebaki fupi. Mwite Dijkstra sasa, atafanya kazi bila kulalamika. Donald Johnson alieleza ujanja huu mwaka 1977. Bei za pacha ndizo zilizoisafisha ramani. Usiku mmoja ukarekebisha wiki yangu yote.

Hata simu yako inapokuonyesha njia huenda inacheza mchezo wa jamaa hawa. Hart, Nilsson na Raphael, 1968, walikuwa na roboti iitwayo Shakey huko Stanford Research Institute, wakampa Dijkstra dokezo la umbali uliobaki kwa mstari ulionyooka ili asihangaike kutafuta upande usiofaa. Dokezo hilo pia ni bei iliyotolewa mapema. Ni kuchakachua ramani vilevile, halafu Dijkstra yuleyule.

Sasa mkasa. Wiki iliyofuata bosi akapata mteja wa pili, wa kubeba kutoka A kurudi B, na hapo tunabaki na sh 10. Unaona shida? B–A toa 60, A–B toa 10. Programu ilisema boda azunguke kati ya A na B milele, tutakuwa mabilionea kufikia Jamhuri Dei. Kwa lugha ya LP swali la kwanza halina sakafu. Na pacha wake hana jibu kabisa: namba ya A lazima iwe chini ya ya B kwa 60, ya B chini ya ya A kwa 10, kwa hiyo A iwe chini ya A yenyewe kwa 70. Ilibidi nimweleze bosi kwamba madumu matupu yana mwisho. Akasema hilo alijua, ni programu isiyojua. Tukaweka kikomo cha madumu kwa safari.

MbishiWaKilimani

Sawa. Nimeondoa neno "msichanganye". Lakini LP ya jumla ni pana kuliko njia fupi, usije ukasema Dijkstra aligundua optimaizesheni.

Mzee_wa_Madumu

Sisemi hivyo kaka. Nasema aliingia kwenye nyumba ile ile kwa dirisha la jikoni, na alikuwa na haraka ya kuonyesha kompyuta.

Mama_Zawadi

Jamani mimi ni mwalimu wa hisabati, Gredi ya 9. Leo nimefanya hili darasani, makundi sita, kila kundi na kamba zake. Makundi matano yamepata 39. Kundi la sita wanasisitiza Kayole iliacha meza kwenye 38, na wanasema kamba iliyolegea ni ya Donholm–Kayole, si ya Umoja–Kayole. Nimewapimia mara tatu. Nati hazijagongana, kamba ni ile ile. Nimekosea wapi?

Mzee_wa_Madumu

Mwalimu shikamoo, na hongera. Walipima kamba kabla ya kufunga au baada?

Mama_Zawadi

Marahaba. Kabla. Ah.

Mzee_wa_Madumu

Basi pima ya Umoja–Kayole sasa hivi, kutoka nati hadi nati.

Mama_Zawadi

Kumi na mbili. Fundo limekula sentimita mbili.

Boda_wa_Umoja

26 na 12 ni 38. Barabara imetengenezwa hiyo, mwalimu. Tunapita Umoja.